Kuchora vitu vya mezani kwa mtindo wa Kyubizimu: acheni kuanza na rula

Brashi_Kavu

Wakuu salamu. Uzi huu ni wa wanafunzi wa sanaa, walimu wenzangu, na yeyote aliyewahi kuambiwa darasani "leo tunachora Kyubizimu", ule mtindo wa kuonyesha kitu kutoka pande kadhaa ndani ya picha moja, akabaki ameduwaa mbele ya karatasi tupu.

Kuna zoezi limeenea sana mashuleni. Mwanafunzi anachora chupa, gitaa na bakuli kwa namna ya kawaida, safi kabisa. Akimaliza anachukua rula, anapiga mistari kutoka kona hadi kona mpaka karatasi yote inakatikakatika, kisha kila kipande anakipa rangi yake. Kazi inabandikwa ukutani, wageni wanasifu. Mimi hapo naona dirisha la vioo vya rangi. Ni pambo zuri, sikatai, ila halihusiani na kile walichokuwa wanahangaika nacho Picasso na Braque, wachoraji walioanzisha mtindo huu. Chupa ile imetazamwa mara moja tu, kutoka kiti kimoja, na mistari imekuja wakati jicho limeshamaliza kazi na kwenda zake.

Ukitaka kuona mambo yalikoanzia, tazama meza alizochora Mfaransa Paul Cézanne. Ukingo wa meza unaingia chini ya kitambaa upande huu, ukitokea upande wa pili hauko pale ulipopaswa kuwa, umepanda au umeshuka. Mdomo wa mtungi umechorwa kama unaoonekana kutoka juu, tumbo lake kama linaloonekana kwa mbele. Mzee yule alikuwa anakaa na vitu vyake muda mrefu, kichwa kikisogea huku na huku, na kila alichokiona alikiweka. Alifariki 1906, na mwaka uliofuata yakafanyika maonyesho makubwa ya kazi zake pale Paris. Vijana waliyameza. Kati ya 1908 na 1914 Pablo Picasso na Georges Braque, ambao kuna kipindi walikuwa wakitembeleana karibu kila siku kukaguana kazi, wakalichukua jambo hilo la kusogeza jicho wakalifikisha mbali kuliko alivyowahi kulifikisha Cézanne mwenyewe.

Kwa hiyo darasani mimi naanza hivi. Naweka meza katikati ya chumba, siyo mbele. Vitu vitatu, basi. Navichagua vile vinavyobadilika sura ukisogea: jagi lenye mpini, bilauri, kitabu kilichofunguliwa, ala ya muziki ikipatikana. Mpira haufai, maana ukiuzunguka unakuta mpira uleule. Wanafunzi wanazunguka meza na karatasi za bei rahisi, wanachora mistari tu, hakuna kivuli, hakuna kufuta. Wanachora wakiwa wamesimama, wamepiga magoti macho yakiwa usawa wa meza, halafu kutoka juu kabisa. Hiyo ya juu ndiyo wengi wanaisahau, na ndiyo yenye hazina. Bilauri iliyotazamwa kutoka juu ni duara ndani ya duara, na hakuna picha ya kawaida inayokupa umbo hilo.

Baada ya hapo ndipo kazi inaanza. Ulizeni, mimi nipo.

Msomaji_Kimya

Naweka kambi hapa. Tiririka mkuu.

Penseli_2B

Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwanafunzi na sisi tumefanya hiyo ya kuzunguka meza. Sasa nina karatasi nne, jagi limechorwa kutoka pande nne. Nimejaribu kuziweka zote kwenye karatasi moja ya kazi, imekuwa fujo tupu, kama nimechora majagi manne yamegongana. Nafanyaje?

Brashi_Kavu

Marahaba Penseli. Umefika penyewe, hapo ndipo wengi wanapokata tamaa na kukimbilia rula.

Huhitaji jagi zima mara nne. Unahitaji jagi moja lililokusanywa kutoka karatasi nne. Pitia kila mchoro ujiulize: upande huu umeniambia nini ambacho upande mwingine haukuniambia? Wa ubavuni umekuonyesha mpini na ule mdomo wa kumiminia. Wa juu umekupa duara la mdomo. Wa mbele umekupa tumbo lilivyojaa, na ule wa kupiga magoti umekuonyesha kitako kinavyokaa mezani, mstari ulionyooka kabisa. Chukua hicho kimoja kutoka kila karatasi, vingine viache.

Sasa vipange vikiwa vimegusana. Tumbo liweke kwanza katikati, maana ndilo kubwa. Duara la mdomo liweke juu yake, lakini usilipinde liwe yai jembamba kama ulivyozoea. Liache duara, au nusu duara kama nafasi ni finyu. Jicho la mtazamaji litashtuka kidogo kwa sababu tumbo linasema "nipo mbele yako" na mdomo unasema "nipo chini yako". Mshtuko huo ndio unaoutafuta. Mpini utoke kando, na hapa unaweza kuukata, nusu ya juu ukaichora kutoka pembe moja na nusu ya chini kutoka nyingine, zisikutane sawasawa.

Kisha, na hili ni la muhimu kuliko yote niliyosema, fungua baadhi ya kingo. Usilizungushie jagi mstari mmoja mzito kuanzia juu hadi chini. Mahali pamoja, tuseme ubavu wa kushoto, acha mstari ukatike ili kijivu cha tumbo kitiririke kiingie kwenye kijivu cha meza bila mpaka. Cézanne alikuwa anafanya hivyo, na Braque aliligeuza kuwa uti wa mgongo wa kazi yake. Fujo yako imetokana na kufunga kila umbo. Maumbo manne yaliyofungwa yatagombana tu, ila yakifunguliwa yanapumua pamoja.

Mzee_wa_Hoja

Mimi huwa sielewi hii kitu na nitasema wazi. Hawa jamaa walishindwa kuchora vizuri wakatafuta njia ya kuficha. Mtoto wa chekechea anafanya hayo.

Rangi_Tatu

@Mzee_wa_Hoja heshima yako mzee, ila kabla ya kuhukumu itafute picha ya Picasso iitwayo Sayansi na Huruma. Ni ya 1897, ipo kwenye makumbusho yake Barcelona. Mgonjwa kitandani, daktari kando anampima mapigo ya moyo, mtawa upande wa pili amebeba mtoto. Mikono, shuka, nuru, kila kitu kimekaa mahali pake. Aliichora akiwa na miaka 15. Mtu wa namna hiyo hakushindwa kuchora chupa.

Mzee_wa_Hoja

Nimeitazama. Sawa, kuchora alijua. Bado swali langu lipo: kama unajua, kwa nini uiharibu chupa?

Brashi_Kavu

Swali zuri mzee, na ni bora kuliko la kwanza.

Kwa miaka mia kadhaa wachoraji wa Ulaya walitumia mfumo mmoja wa kuonyesha umbali: mistari yote inakimbilia nukta moja, na mtazamaji amewekwa mahali pamoja, jicho moja, hapepesi. Ni mfumo wenye akili sana. Lakini wewe hujawahi kuiona chupa hivyo. Umeishika, umeigeuza, umechungulia ndani kuona kama kimebaki kitu. Unajua kitako chake ni duara hata kikiwa kimefichwa na meza. Picha ya mfumo wa zamani inakupa chupa ya sekunde moja. Akina Braque waliitaka chupa unayoijua, na kwenye karatasi bapa hakuna njia ya kuiweka hiyo yote bila kuivunja. Braque mwenyewe alieleza baadaye kwamba kuvunja vitu ilikuwa njia yake ya kukikaribia kitu.

Ndiyo maana walishikilia vitu vya kawaida vya mezani: chupa, bilauri, gazeti, kiko, fidla, gitaa. Ukichora kitu kigeni na bado ukakivunja, mtazamaji anapotea kabisa. Fidla anaijua. Ukimpa shingo, yale matundu mawili yenye umbo la f, na nyuzi nne, nyingine ataimalizia kichwani.

Tafuta picha ya Braque ya 1909, Fidla na Paleti, ipo makumbusho ya Guggenheim, New York. Ni ndefu na nyembamba, kama sentimita 92 kwa 43. Chini kuna fidla iliyovunjwavunjwa, katikati karatasi za muziki, na juu kabisa kuna paleti, kile kibao cha mchoraji cha kuchanganyia rangi, imening'inizwa kwenye msumari. Huo msumari umechorwa kwa mtindo wa zamani, una hata kivuli chake. Jamaa anakuonyesha kwamba mfumo wa zamani anauweza akitaka, halafu chini yake anaendelea na mambo yake.

Mzee_wa_Hoja

Huo msumari umenichekesha. Basi naendelea kusoma, ila sijasilimu bado.

Ticha_Mkaa

Brashi_Kavu, mimi ni mwalimu mwenzako na leo nitakupinga. Unaongea kama mtu mwenye darasa la watoto kumi na chumba kikubwa. Mwenzio nina darasa limejaa, kipindi kimoja kwa wiki, madawati hayasogei. Nikisema wazunguke meza, nusu ya kipindi imekwisha wanasukumana. Zoezi la rula linaisha, kila mtoto anaondoka na kazi, na anajifunza kuchagua rangi na kupanga mizani ya picha. Hiyo nayo ni elimu. Usiwaponde walimu.

Brashi_Kavu

Ticha, siwapondi, na hoja yako ya nafasi naikubali. Kujifunza rangi kupitia zoezi lile ni sawa. Ninachopinga ni kuliita Kyubizimu, kwa sababu mtoto anaondoka akiamini Kyubizimu ni kukata picha kwa rula, na akikutana na kazi halisi baadaye hana pa kuanzia.

Kwa darasa lililobanana jaribu hii: usiwazungushe watoto, zungusha kitu. Kila dawati jagi moja au bilauri moja, watoto watatu wanne wanaizunguka wakiwa wamekaa. Ukipiga makofi, wanaigeuza robo mzunguko. Makofi mengine, wanailaza ubavuni. Makofi ya mwisho, inawekwa sakafuni waitazame kutoka juu. Mchoro wote uwe juu ya karatasi ileile moja, mstari juu ya mstari. Hakuna anayesimama kwenda popote.

Ticha_Mkaa

Hiyo ya kulaza ubavuni naweza kuifanya. Lakini rula sitaitupa, nakwambia mapema.

Brashi_Kavu

Usiitupe. Juan Gris mwenyewe, mchoraji mwingine wa Kyubizimu, alikuwa mtu wa rula na bikari.

Rangi_Tatu

Umenigusa penyewe mkuu, Gris ndiye mtu wangu. Kijana wa Madrid aliyezaliwa 1887, akahamia Paris 1906, akaishi kwa kuchorea magazeti vikatuni kabla hajaanza kupaka rangi kwa dhati. Alikuwa jirani wa Picasso kwenye jengo moja la wasanii na 1912 akamchora kwa mtindo huohuo.

Nawashauri wanafunzi waanze kutazama kazi zake kabla ya zile za 1910 na 1911 za Picasso na Braque, ambazo ni ngumu, kahawia na kijivu tupu, hata gitaa unalitafuta kwa tochi. Za Gris zimepangika. Kuna ile ya 1915 yenye kitambaa cha meza cha mirabaraba, ipo makumbusho ya Metropolitan, New York. Chupa, gazeti, gitaa, kikombe. Ukirudi nyuma hatua chache, vitu vyote vile kwa pamoja vinakuwa kichwa cha fahali, na kikombe cha chini katikati ndicho pua yake. Ukishamwona fahali, huwezi tena kuacha kumwona.

Mama_Mbili

Samahani kuingilia. Binti yangu kapewa kazi hii na mwalimu kasema watumie rangi za udongo tu. Yeye anapenda rangi kali, ananuna nyumbani. Kuna sababu au ni mwalimu tu?

Brashi_Kavu

Kuna sababu, mama. Kwenye miaka ile ya 1910 na 1911 aliyoitaja Rangi_Tatu, Picasso na Braque walijinyima rangi makusudi. Rangi kali ina tabia ya kuvuta jicho na kusema "mimi ni kitu kimoja, tofauti na jirani yangu". Ukiwa unajaribu kuunganisha jagi na meza na hewa iliyo kati yao, rangi kali inakuvurugia. Kahawia, kijivu, krimu na nyeusi zinakubali kuingiliana.

Mwambie binti achanganye kijivu chake mwenyewe badala ya kutumia nyeusi na nyeupe peke yake. Buluu na kahawia iliyokolea ya udongo zinatoa kijivu kizuri. Ukizidisha buluu kinapoa, ukizidisha kahawia kinapata joto. Kwa rangi mbili na nyeupe anapata ngazi nzima ya vijivu, na nina hakika kununa kutapungua. Mwanga na kivuli nao asiviweke kana kwamba taa iko upande mmoja. Kila bapa, yaani kila kipande kimoja cha umbo, lina mwanga wake, ukingo mmoja umekolea na unafifia kuelekea ukingo wa pili. Bapa jirani lifanye kinyume. Hapo picha inaanza kuinuka na kuzama bila kuwa na kina cha kweli.

Msomaji_Kimya

Nimetoka ukimya kidogo. Mbona hakuna anayetaja vinyago vya Afrika? Nilisikia walichota huko.

Ticha_Mkaa

Walichota, na si siri. 1907 Picasso alikwenda makumbusho ya Trocadéro, Paris, akakuta sanamu na vinyago kutoka Afrika na visiwa vya Pasifiki, wakati yuko katikati ya picha yake kubwa ya wanawake watano. Nyuso mbili za upande wa kulia zinaonyesha kabisa. Kwa upande wa vitu vya mezani kuna kisa kizuri zaidi. Alikuwa na kinyago cha Wagrebo, watu wa Liberia na Kodivaa, ambacho macho yake ni mirija imechomoza mbele. Fikiria: jicho limezama ndani, lakini mchongaji kaliweka kama kitu kinachotokeza nje, na bado unasoma jicho. 1912 Picasso akatengeneza gitaa la makaratasi magumu, na tundu la katikati, lile linalopaswa kuwa shimo, akaliweka kama mrija unaochomoza. Kahnweiler, aliyekuwa akiuza kazi zake, aliandika kuhusu uhusiano huo.

Kwa hiyo darasani mimi nasema wazi kwamba nusu ya somo hili lilitoka kwa wachongaji ambao hakuna aliyejisumbua kuandika majina yao.

Brashi_Kavu

Hapo Ticha umenisaidia, na zoezi limezaliwa papo hapo: mwambie mwanafunzi achore bilauri tupu ambayo uwazi wake wa ndani ndio umepakwa mzito kuliko kioo chenyewe.

Penseli_2B

Mwalimu nimerudi. Nimefanya ulivyosema. Jagi sasa ni moja. Mdomo ni duara kamili, ubavu wa kushoto nimeuacha wazi. Imekuwa nzuri kweli, hata mimi nimeshangaa. Ila kona za karatasi ni tupu, na mwalimu wetu anataka kolaji, yaani vipande vya gazeti vilivyobandikwa, ndani yake. Nibandike tu kwenye hizo kona?

Brashi_Kavu

Hongera sana. Kona usiziogope, kwenye kazi nyingi za miaka ile uzito uko katikati na kingo zinafifia. Picasso na Braque hata walitumia turubai za umbo la yai, kona zikaondoka zenyewe.

Kuhusu gazeti, usibandike kujaza nafasi. Kolaji iliingia kwa sababu. Mei 1912 Picasso alichukua kipande cha kitambaa cha meza kisichopitisha maji, kilichochapishwa mfano wa kiti cha kusukwa kwa henzerani, akakigandisha kwenye picha ya umbo la yai, akaizungushia kamba halisi. Henzerani ile ni ya uongo, lakini ndicho kipande pekee ambacho hakukichora kwa mkono, wakati bilauri iliyo kando imechorwa na imevunjika. Kipi ni cha kweli hapo? Miezi michache baadaye Braque, ambaye alikulia kwenye familia ya mafundi rangi wa majumba na alijua kuiga mbao kwa kitana cha fundi, akanunua karatasi ya ukutani yenye sura ya mbao, akaikata, akaibandika kwenye mchoro wa mkaa wa bakuli na bilauri. Karatasi ile ikawa droo na ukuta.

Kwa hiyo gazeti lako liwe kitu. Liwe gazeti lililolala mezani, au liwe ubavu wa jagi wenye kivuli, maana maandishi madogo kwa mbali yanasomeka kama kijivu. Likate kwa kufuata umbo ulilonalo, kisha mistari yako ya mkaa ipande juu yake na kutoka tena, ili lisielee peke yake. Kichwa cha habari usikiache kizima. Herufi mbili tatu zinatosha, kama Picasso alivyoacha JOU ya neno la Kifaransa la gazeti.

Penseli_2B

Nimekuelewa. La mwisho: gundi yangu ni ya maji, kila nikibandika karatasi inajikunja mawimbi.

Rangi_Tatu

Acha mwalimu apumzike, hilo nalijibu mimi. Paka gundi nyembamba kwa brashi, kwenye gazeti na kwenye karatasi ya chini pia, zote zilowe sawa. Bandika kuanzia katikati, sukuma hewa kwenda pembeni kwa kitambaa kikavu. Weka karatasi safi juu, halafu vitabu vizito, uache usiku kucha. Na mkaa uupake baada ya gundi kukauka kabisa, la sivyo unapata tope.

Mzee_wa_Hoja

Penseli, ukimaliza piga picha uiweke hapa. Nataka kuliona hilo jagi.